Jiko Lenye Mdomo Nje

Nyamvula alishuka Changamwe akiwa na kapu la vifuu kichwani, kuku wawili mkononi, na kinyongo cha mkwewe moyoni.

Kuku walikuwa wa supu ya mzazi. Vifuu vilikuwa vya kuwashia moto, maana alikwisha kuambiwa kwamba watu wa Changamwe hupikia makaa ya dukani, naye hakuwa na imani na moto asioujua ulikotoka. Ama kinyongo, hicho alikuwa nacho tangu siku binti yake Sidi alipokwenda Ribe kumwambia kwamba ameposwa na Mkamba wa reli, kijana aliyekutana naye kwenye kwaya ya kanisa. Mtu wa bara! Kwani Ribe nzima vijana walikuwa wamekwisha? Nyamvula aliipokea mahari, akaimba harusini mpaka sauti ikamkauka, kisha akarudi kwake na kinyongo chake amekikunja vizuri pamoja na nguo za kanisani.

Safari hii alikuwa ameletwa na habari mbaya. Sidi alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia. Mchuuzi wa nazi ndiye aliyeifikisha habari hiyo Ribe: mtoto wa kike, mdogo mno, na mama yake hoi. Nyamvula hakungoja kusikia zaidi. Alimwachia mumewe Gona minazi na mbuzi, akashika njia ya matope. Ilikuwa masika ya mwaka wa arobaini na nne, vita bado vinapiganwa huko ng'ambo, na mvua ilikuwa ikinyesha kwa namna ambayo wazee wa Ribe walisema hawajapata kuiona, ijapokuwa wazee wa Ribe husema hivyo kila mwaka.

Sidi na mumewe walikuwa wamepanga chumba kwa Bi Mwanatabu, Mswahili wa Jomvu, mjane mwenye nyumba ndefu ya udongo na paa la madebe yaliyonyooshwa. Chumba chao kilikuwa cha mwisho kabisa, na ukuta wake wa nyuma ulipigwa na mvua mchana kutwa mpaka ukawa unatoa jasho upande wa ndani. Wako watu wanaodhani pwani hakuna baridi. Watu hao hawajalala kwenye nyumba ya udongo Changamwe wakati wa masika, upepo wa kusi unapopenya kwenye kila ufa na blanketi halikauki wiki nzima.

"Shikamoo, mama," Sidi alisema kutoka kitandani, sauti haina nguvu.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Hebu nipe nimwone."

Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya leso tatu, na bado alikuwa kitu kidogo cha kushikwa kwa kiganja. Uso wake wote ungeingia kwenye kikombe cha kahawa. Ngozi ilikuwa nyembamba na nyekundu. Hakulia, alitoa mlio wa kifaranga, kisha akanyamaza kama aliyechoka. Nyamvula alimshika miguu. Ilikuwa baridi. Alikuwa amezalisha wanawake wengi huko Ribe, na alijua miguu ya namna ile huishia wapi.

"Hospitali wamesemaje?"

"Wodi zimejaa, mama, askari wamelala mpaka barazani. Muuguzi mmoja alinihurumia akanieleza la kufanya. Alisema ni maziwa na joto. Joto lisilopanda wala kushuka, mpaka mtoto apate nyama. Akishikwa na baridi tutamkosa."

"Basi joto atalipata," Nyamvula alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshalitia kapuni. "Na mumeo yuko wapi?"

"Amerudi leo tu kutoka safari ya bara. Alikusikia ukipiga hodi, akatoka kwa mlango wa uani kabla hajamwona mtoto."

Hapo Nyamvula aliridhika kidogo, maana hilo angalau kijana alikuwa amefunzwa. Mtu na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ampishe mwenzake. Waribe na Wakamba hawapatani hata juu ya namna ya kupika mahindi, lakini kwa hili la ukwe ni kitu kimoja. Tena lina upande wake wa pili: mama mkwe akitaka jambo, mkwe haulizi kwa nini. Hulitenda.

Kwa hiyo Phineas Mutua, ambaye kazi yake ilikuwa kuchochea moto kwenye gari la moshi, alihamia kwa mwenzake kwenye nyumba za reli. Kila akitoka kazini alikuja kusimama kwenye pembe ya ua, ameipa nyumba mgongo, akiuliza habari kupitia kwa Bi Mwanatabu. Alikuwa na ombi moja tu, amwone mwanawe. Nyamvula angeweza kutoka kidogo, akae jikoni kwa Bi Mwanatabu, kijana aingie ashibe kumtazama mtoto. Hakutaka. Alisema mtoto ambaye hajakomaa haonwi ovyo. Ribe husemwa hivyo, ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba aliiona mikono ya Mutua siku ya harusi, masizi yameingia mpaka kwenye kucha, na hakutaka mikono ile imkaribie mjukuu wake.

Kazi aliianza siku hiyohiyo. Alifunga dirisha. Akakusanya matambara akaziba kila ufa, na chini ya mlango akasukuma gunia. Ndivyo anavyowekwa mzazi, upepo usimguse. Kisha akawasha jiko la makaa pale uani kwa vifuu vyake, akalipepea mpaka likawa jekundu, akaliingiza chumbani karibu na kitanda na kuteleka juu yake sufuria ya maji ya kumkandia Sidi. Chumba kilibadilika kikawa chumba. Miguu ya mtoto ilipata moto. Nyamvula alimkanda binti yake mgongo na kiuno, akamnywesha supu, na alipotoka kumwaga maji akamtangazia Bi Mwanatabu kwamba shida ya watu wa mjini ni kuwa hawajui kufunga nyumba.

Kesho yake mvua ilizidi, naye akazidisha makaa. Adhuhuri Sidi alisema kichwa chamuuma.

"Ni njaa hiyo," Nyamvula akamwambia.

Sidi akatapika supu yote. Nyamvula aliinuka kuchukua kitambaa, magoti yakakataa. Alijishikilia ukutani, akishangaa mbona ukuta unakwenda. Alitazama kitandani akamwona mtoto amelegea, mdomo wazi, na hakuweza kukumbuka mlango ulikuwa upande gani.

Mlango ulifunguliwa na Bi Mwanatabu, ambaye alikuwa amekuja kuazima kinu tu. Aliusukuma pamoja na gunia lake, akaliona lile jiko, akalipiga teke likaenda uani na sufuria yake, na pindo la leso yake likaungua.

"Wataka kuwaua!" alipiga kelele. "Weye mtu mzima, wafungia watu pamoja na makaa? Tokeni! Tokeni nyote!"

Waliketi barazani, mvua ikiwarushia matone miguuni. Nyamvula alimweka mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, akajifunika leso, akamsikiliza. Pumzi ilikuja. Ikakawia. Ikaja tena. Kidogo kidogo midomo ikarudiwa na rangi. Alikuwa amesafiri na matope yote yale kuja kumwokoa mjukuu wake, na nusura amuue kwa mkono wake mwenyewe.

Huko kwao makaa ya moto huwekwa chumbani kwa mzazi, na hawafi. Lakini nyumba ya makuti hupumua kwenye paa. Paa la madebe halipumui. Hilo hakulijua, wala hakuna aliyemwambia.

Sasa shida ilikuwa imekaa wazi mbele yake. Akifungua dirisha, mtoto atapata baridi. Akifunga na kuweka jiko, watakufa wote. Maji ya kumkanda mzazi, yakichemshiwa jikoni kwa Bi Mwanatabu na kupitishwa uani kwenye mvua, yalifika yamepoa. Walimpokezana mtoto kifuani, mama na bibi, lakini blanketi lilikuwa na unyevu, godoro lina unyevu, Sidi mwenyewe anatetemeka, na maziwa yakaanza kupungua. Jioni ilipofika miguu ya mtoto ilikuwa baridi tena.

Ndipo Mutua alipokuja kusimama kwenye pembe yake. Alikuwa amesikia habari njiani. Alisema na Bi Mwanatabu kwa sauti ya chini, na Bi Mwanatabu akaja mlangoni kuufikisha ujumbe.

"Mkweo akushukuru kwa kumwangalia mwanawe. Asema tena kwamba moto wa makaa haufungiwi chumba kimoja na watu."

Nyamvula alijua kwamba ni kweli, na hicho ndicho kilichomchoma. Mtu akiona haya mbele ya wale asiotaka kuwaonea haya, ulimi wake huwa mkali.

"Mwambie," alisema, kwa sauti ambayo haikumhitaji Bi Mwanatabu hata kidogo, "mwambie kama yeye ndiye bingwa wa moto, basi auwashe hukohuko nje aliko, atuletee joto huku ndani!"

Sauti ya Mutua ikasema polepole kutoka uani, ikiuambia ukuta wa choo uliokuwa mbele yake: "Nimesikia." Na nyayo zake zikaondoka.

"Mama," Sidi alisema, "umemtuma kazi."

"Sikumtuma. Nimemsuta."

"Wewe umemsuta. Yeye ametumwa."

Nyamvula alisonya. Lakini asubuhi, alipokuwa akimbembeleza mtoto anyonye, ukuta wa nyuma ulipigwa kishindo kimoja, udongo ukamwagika kitandani. Kikafuata kingine. Ncha ya mtaimbo ikatokeza chumbani.

"Mutua!" Bi Mwanatabu alikuwa ameshafika huko nyuma. "Wallahi nyumba yangu! Umerogwa?"

"Mama ameagiza moto, Bi Mwanatabu. Ukuta nitaujenga tena."

"Moto gani wa kuvunjia ukuta?"

Nyamvula hakusikia jibu lote, ila alisikia pipa likiviringishwa kwenye matope, na bati likiangushwa, na Bi Mwanatabu akiuliza maswali mengi, kila swali kwa ukali mdogo kuliko lililotangulia. Mwisho mwenye nyumba alisema, "Haya, toboa. Lakini mvua ikiniingilia, kwenye hilo tundu utalala weye." Kisha akaja chumbani mbio, macho yamemtoka, kutundika mkeka mbele ya tundu ili mkwe na mkwewe wasionane, na kumweleza Nyamvula kilichokuwa kikitendeka.

Mutua alikuwa na pipa tupu la mafuta, la chuma kizito. Alitaka kulilaza ukutani, tumbo ndani ya chumba, mdomo nje. Ndani ya pipa alikuwa ameweka vyuma vya kulaza makaa, na juu yake bati lisilofika mwisho. Moto ungeingia kwa chini, utembee mpaka kwenye kitako cha pipa, ugeuke, urudi kwa juu, na moshi utoke kwa bomba lililosimama hukohuko nje, kando ya mdomo. Upande wa chumbani hapakuwa na tundu hata la sindano. Yeye angekaa nje na moto wake. Wao wangekaa ndani na joto lao.

Nyamvula alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba ni upuuzi, na akasogeza kitanda ili pipa lipate nafasi.

Alasiri moto uliwashwa. Pipa lilianza kulia kwa chuma kutanuka, tik, tik, na chumba kikapata moto haraka hivi kwamba Sidi alicheka. Kabla hajamaliza kucheka kilikuwa tanuri. Tumbo la pipa lilikuwa jekundu, ukindu wa mkeka unanuka kuungua, na Nyamvula alilazimika kukimbilia pembeni na mtoto. Kule nje Mutua aliupunguza moto. Pipa likapoa papo hapo, unyevu ukarudi. Akauongeza, tanuri. Akaupunguza, kaburi. Juu ya hayo udongo alioukandika haraka kuzunguka pipa ulikauka ukapasuka, na upepo ukasukuma moshi wa nje kwenye nyufa. Joto lisilopanda wala kushuka, muuguzi alisema, na hili lilikuwa likipanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa.

Bi Mwanatabu hakuwapo. Alikuwa ameswali akalala. Sidi alikuwa amesinzia. Nyamvula alikaa akilitazama lile pipa, na hasira yake, ambayo tangu jana ilikuwa ikitafuta pa kukaa, ikapotea ghafla. Aliona kosa lilipo. Yeye ndiye aliyejenga meko yote ya nyumba yake na ya majirani zake tangu alipokuwa mwali. Alijua chuma, jiwe na udongo vinavyofanya mbele ya moto. Alitaka kusema, na aliyestahili kuambiwa alikuwa hatua mbili kutoka kwake, nyuma ya ukuta, na hawezi kumsemesha.

Basi akalisemesha jiko.

"Weye jiko," alisema, "una homa. Uko uchi. Chuma kitupu hakiwezi kushika joto, sharti uvikwe udongo mnene, tena udongo wa kichuguu, uliopondwa na vigae na majivu. Ungekuwa na mtu wa kukuletea udongo huo, ningekuvika."

Nje beleshi liliacha kukwaruza. Kisha sauti ikaja kupitia kwenye chuma, nzito kidogo, ya adabu sana.

"Jiko linasema asante. Linasema udongo utaletwa."

Na ukaletwa, karai baada ya karai, ukipitishwa dirishani na mkono uliotangulia huku uso umegeukia baharini. Nyamvula aliuponda kwa miguu pale chini, leso ameikaza kiunoni, jasho likimtoka. Alitwanga chungu cha Bi Mwanatabu kilichopasuka, na kingine ambacho kilikuwa bado hakijapasuka lakini kilikuwa na dalili. Akachanganya majivu. Akalivika lile pipa, ambalo sasa lilikuwa limezimwa likapoa, udongo wa unene wa kiganja, akalipapasa na kulilainisha mpaka likawa na mabega. Juu yake akafinyanga kikalio cha debe la maji. Pembeni, mahali joto lilipofika taratibu, akajenga kidaka cha kulaza ungo mdogo, na ndani ya ungo akatandika pamba na leso kuukuu. Wakati huohuo Mutua alikuwa nje akiziba upande wake. Kila mmoja alisikia viganja vya mwenzake vikipiga udongo, paa, paa, na hapo walipokaribiana zaidi, palibaki kati yao ukuta wa kidole kimoja tu.

"Jiko likaushwe polepole," Nyamvula aliliambia jiko. "Moto mdogo wa vifuu kwanza. Vifuu hivi hapa dirishani."

"Jiko limesikia."

Vifuu vilikausha udongo bila kuupasua. Kisha Mutua akaweka makaa ya mawe, yale yaliyoungua nusu ambayo shedi ya reli huyatupa na wanawake wa Changamwe huyaokota. Nyamvula alikuwa akiyadharau makaa hayo, mazito, yasiyoshika moto kwa urahisi. Lakini yaliposhika hayakuachia. Udongo ulipata moto taratibu, ukawa vuguvugu wa kuweka shavu, ukabaki hapo. Mutua akiuongeza moto, udongo ulimeza. Akiupunguza, udongo ulitoa ulichomeza. Ukuta ulioloa ulitoa mvuke siku nzima, kisha ukakauka ukawa mweupe. Blanketi likakauka. Debe la maji likawa la moto kila saa, na hakuna aliyehitaji kulipitisha kwenye mvua. Sidi alikandwa asubuhi na jioni mpaka akaomba kupumzishwa, na maziwa yakaja mengi mpaka yakalowesha nguo.

Mtoto alilazwa kwenye ungo wake ndani ya kidaka. Nyamvula alimshika miguu. Akaishika tena baada ya chakula, na tena alipoamka. Kila mara ilikuwa na moto. Siku ya kwanza hakuthubutu kufurahi. Siku zilizofuata alianza kuimba.

Habari zilienea Changamwe. Wanawake walikuja kwa kisingizio cha kumjulia hali mzazi, wakaishia kulipapasa jiko. Bi Mwanatabu aliwapitisha kama mlinzi wa kaburi la walii, akieleza jinsi yeye na Nyamvula walivyobuni kila kitu, na jinsi alivyojitolea vyungu vyake. Watu walizunguka mpaka nyuma kuona mdomo, na hapo walimkuta Mutua amechutama chini ya kibanda cha bati, beleshi mkononi. Alikuwa amebadilishana zamu na wenzake ili awe hapo mchana, na akiitwa kazini mwenzake wa nyumba za reli alishika mahali pake. Waliomsalimu aliwajibu. Hakuna aliyemuuliza kama amemwona mtoto, na yeye hakusema.

Nyamvula alijua. Alijua kila siku, na kila siku alijiambia bado kidogo.

Kisha ikaja mvua ile kubwa. Ilianza alfajiri na upepo wa kusi, ikapiga nyumba kwa upande, ikaling'oa bati moja la jirani na kulipeleka hadi barabarani. Maji yalijaa uani. Kibanda cha Mutua kiliruka kipande kipande. Ndani, Nyamvula aliona debe la maji likifuka kama kawaida, mtoto amelala kama kawaida, na akaweka shavu kwenye udongo: vuguvugu lilelile. Lakini alisikia. Alisikia beleshi likikwangua maji yasifike mdomoni. Alisikia bati likipigwa na mvua karibu sana na ukuta, na akafahamu kwamba kijana alikuwa amelishika kwa mikono, juu ya mdomo wa jiko, yeye mwenyewe akilowa. Alisikia kikohozi. Asubuhi ilipita, adhuhuri ikapita, kikohozi kikazidi, na jiko halikupoa hata kidogo.

Alasiri mtoto aliamka. Nyamvula alimtoa kwenye ungo, akampa Sidi, naye mdogo huyo akanyonya kwa nguvu ambayo ilimfanya mama yake akunje uso. Ziwa likamponyoka. Na mtoto, badala ya kile kilio chake cha kifaranga, alikunja ngumi, akafumbua mdomo wote, akalia. Alilia kilio cha mtoto hasa, kikubwa, cha hasira, cha mtu anayedai haki yake, kikajaza chumba na kutoka nje.

Beleshi likanyamaza.

"Sidi!" Mutua aliita, adabu yote imemtoka. "Sidi, ni yeye huyo?"

Sidi alikuwa analia na kucheka. Alimtazama mama yake. Nyamvula alisimama mbele ya jiko, mkono kwenye udongo wa moto, na machozi yalimtiririka bila kuyapangusa. Kijana yule alikuwa amemlinda mtoto asiyemjua sura, kwa neno la kusutwa alilolipokea kama agizo, na aliyemnyima kumwona alikuwa Nyamvula mwenyewe.

"Ni yeye," alisema. Hakuliambia jiko. "Ni mwanao, Mutua."

Alijitanda leso mpaka usoni. Akatoka kwa mlango wa uani kwenye mvua, akazunguka nyumba kwa upande wa kushoto, akasimama pembeni na kumpa mgongo.

"Nipe hilo bati," alisema. "Nenda ukamwone mtoto. Jifute kwanza, leso kavu iko juu ya jiko."

Alihisi bati likiwekwa mkononi mwake, na beleshi likiegemezwa karibu na mguu wake, na nyayo zikizunguka nyumba kwa upande wa kulia, kwanza polepole, kisha mbio.

Mdomo wa jiko ulikuwa ukimulika mwekundu. Nyamvula alichutama mbele yake, bati kichwani, matope mpaka kwenye magoti. Alichota makaa kwa beleshi, akayatupa ndani kama alivyosikia yakitupwa siku zote hizo. Yalitua vibaya, akayasukuma kwa mkono. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa bado analia, na ndani ya kilio hicho palikuwa na sauti ya mwanamume inayosema neno moja tu kwa Kikamba, tena na tena, neno ambalo Nyamvula hakulijua wala hakuhitaji kufasiriwa.

Dirisha la Bi Mwanatabu lilifunguka.

"Nyamvula! Wafanya nini kwenye mvua, mtu mzima weye? Na mtoto umemwacha na nani?"

"Na babake!" Nyamvula alijibu, akachota beleshi jingine, akalitupa motoni. Kisha akaweka mkono mweusi mdomoni, akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka relini.